Maswali ya Jikoni: Frampeni Ndogo ya Nonstiki, Nichukue Ipi?

Wiki hii meza yangu imejaa frampeni tu. Nilijitakia mwenyewe, toleo lililopita kuna dada wa Kimara aliuliza kwanini mayai yanamgandia kwenye sufuria nikamjibu kwa mkato atafute frampeni ndogo ya nonstiki, ile isiyogandisha chakula, basi watu wakaniandama, ndogo kiasi gani, ya bei gani, hiyo si ndo inaleta kansa, na dada wa kazi nitamzuiaje asiisugue. Haya tukae. Wengine mmeandika flampeni, wengine fraipani, bibi yangu yeye alisema kikaango mpaka anaingia kaburini. Mi naandika frampeni maana ndo ninayoitaja nikiwa Kariakoo na wananielewa.

*Shikamoo shangazi. Mi kijana wa kiume nimeanza kujitegemea huku Sinza, chumba kimoja, jiko langu ni ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye bana juu yake. Asubuhi mayai mawili na mkate naenda kazini, jioni nikichoka mayai tena. Sufuria inagandisha mpaka naiacha kwenye maji siku nzima. Nimezunguka Kariakoo nimeona frampeni ya elfu 9, nimeona ya elfu 35, supamaketi nikakuta ya laki na kitu, zote nyeusi zote zinang'aa. Tofauti yake nini hasa, au ni jina tu? Bachela wa Sinza.*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutoka nyumbani. Nianze na kitu ambacho muuza duka hatokuambia: hakuna frampeni ya nonstiki ya maisha. Ya elfu 9 itakufa na ya laki na kitu itakufa, zinapishana siku tu. Ile sio sufuria ya kurithishana, ile ni kama kandambili, unanunua unavaa inaisha unanunua nyingine. Ukishalikubali hilo kuchagua kunakuwa rahisi maana unaacha kutafuta ya milele, unatafuta inayokaa vizuri kwenye moto wako na ambayo siku ikiisha hutolia.

Ule weusi wa juu, kwenye nyingi ulizoziona, ni kitu kilekile kinachoitwa PTFE, jina lake la biashara ndo hiyo Teflon inayotajwa kila siku. Kilipatikana kwa bahati tu mwaka 1938 kule Marekani, mkemia mmoja Roy Plunkett alikuwa anahangaika na gesi za kupozea mafriji, mtungi wake mmoja ukagoma kutoa gesi wakati ukiupima uzito bado umejaa, akaukata akakuta ndani unga mweupe unaoteleza. Miaka ya 50 Mfaransa anaitwa Marc Grégoire alikuwa anakitumia kwenye vifaa vyake vya kuvulia samaki, mkewe Colette akamwambia sasa si uniwekee na kwenye sufuria zangu, na mwaka 1956 ikaanzishwa Tefal. Mi nasemaga shukrani zote ziende kwa yule mama. Na kinavyoteleza hicho kitu, hata mjusi wa ukutani, huyu huyu anayetembea darini kwako kichwa chini, ukimweka kwenye Teflon kavu miguu haishiki. Mjusi! Sasa yai litashikia wapi.

Kwahiyo hela unayoongeza kwa sehemu kubwa hailipii weusi, inalipia kilicho chini ya weusi. Ni kweli zipo zenye tabaka moja na zipo zenye tabaka tatu na tabaka zinasaidia kudumu, lakini pale dukani huwezi kuzihesabu kwa macho. Kitako unaweza kukikagua, na kwa jiko lako wewe kitako ndo kila kitu. Bana ya mtungi mdogo ni ndogo, moto unapiga katikati pale pale kama mtu anakunyooshea kidole. Frampeni ya bati jepesi hapo katikati inaungua kabla pembeni hakujapata hata vuguvugu. Aluminiamu nene inausambaza ule moto, mayai yanaiva sare. Mi sinunui ambayo kitako kinaonekana chembamba kuliko milimita 3, na huhitaji rula, ichukue ya elfu 9 mkono mmoja na ya elfu 35 mkono wa pili, mkono wenyewe utakuambia. Halafu gonga kitako kwa kucha, nyembamba inalia ngaa kama sahani ya bati, nene inatoa mlio mfupi mzito.

Baada ya hapo igeuze, toa kitambulisho chako cha NIDA, kisimamishe kwa ubavu juu ya kitako uangalie kama mwanga unapita katikati. Fanya hivohivo kwa ndani. Usimwonee aibu muuzaji, atakushangaa kidogo halafu atazoea. Hili nimejifunza kwa hasara. Kuna moja nilinunua rangi ya damu ya mzee, nzuri jamani, nyepesi kama karatasi, duka silitaji, nikafika nayo nyumbani najisifu. Wiki ya tatu katikati ikapanda kama mgongo wa kobe. Nikimimina mafuta yote yanakimbilia pembeni, yai linabaki kilimani kavu, na kiini kinateleza taratibu kinaenda kusimama ukingoni kama abiria aliyekosa siti. Sikuwa nimeikagua kitako hata mara moja, nilikuwa naangalia rangi.

Ukubwa. Wewe mayai mawili ni sentimita 20, basi. Wauzaji wanapima mdomo sio kitako, kwahiyo ukisikia 20 ujue chini pale panapoivisha ni kama 14 au 15 hivi, panatosha mayai mawili ya kukaanga bila kugombana. Ya 24 ni ya watu wawili watatu, au kama unataka kukaanga kitunguu na nyanya kwanza ndo uvunje mayai. Atakushawishi uchukue ya 28 kwamba inafanya kila kitu, usikubali, juu ya mtungi wako itakaa kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto. Tena hapo kwenye kukaa kuna jambo watu hawalifikirii: frampeni ndogo yenye mkono mzito mrefu ikiwa tupu inabinuka upande wa mkono. Nimeona mtu kamwaga mafuta ya moto hivohivo. Pale pale dukani iweke juu ya kitu chembamba, hata mdomo wa kopo, au juu ya vidole vyako vitatu katikati ya kitako, iachie. Ikiinamia mkono, mrudishie.

Mkono wenyewe angalia umefungwaje. Wa skrubu moja utalegea, ni kawaida, ukinunua wa hivo weka na bisibisi jikoni ukaze kila baada ya muda. Wa ripiti, vile vichuma vilivyogongwa vikapenya mpaka ndani, haulegei haraka ila ripiti kwa ndani zinakusanya uchafu wa mayai ukutani pale, utakuwa unachokonoa. Mi nachagua skrubu, we chagua adha yako.

Bei sasa. Kwa maisha yako chukua ile ya elfu 35 kama imefaulu mtihani wa kitambulisho, ya laki iache kwa sasa, na ya elfu 9 iache kabisa. Hesabu ni ndogo tu: ya kwangu ya damu ya mzee ilinipa wiki tatu, ninayotumia sa hivi ya bei ya katikati iko mwaka wa tatu na yai bado linateleza. Usinunue seti ya tano kwenye boksi, utajikuta unatumia moja na nne zinakaa chini ya kitanda.

Ukifika nayo ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushe, ipake tone la mafuta. Na ukianza kupika usiwashe jiko ikiwa tupu. Weka kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwanza, ndo uwashe, moto wa chini kwenda wa kati, dakika moja na nusu hivi. Rusha tone la maji, likichacharika kidogo vunja yai. Likipasuka na kukurukia usoni moto umezidi, zima usubiri. Yai litalala, weupe utaanza kuiva kuanzia pembeni, ukitikisa mkono kidogo lote linahama kwa pamoja kama sabuni kwenye sinki. Hapo hata mwiko huhitaji, inamisha tu liingie kwenye sahani. Usichukue uma. Nasema tena kwa sababu ni bachela na nawajua, usile humohumo ndani ya frampeni kwa uma.

*Asalaam aleikum dada. Mi mama wa watoto watatu Mbagala. Frampeni yetu ina miaka kama minne, imechunika katikati na pembeni, juzi nimekuta vipande vyeusi kwenye mayai na mume wangu alishakula. Kwenye grupu letu la WhatsApp mama mmoja akaleta sauti kwamba hizo ni sumu ya kansa na tumejiua wenyewe. Tangu hapo sina raha. Nifanyeje, twende hospitali?*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Tulia kwanza, mumeo hajambo. Hiyo sauti ya kwenye grupu imechanganya mambo matatu kwenye sufuria moja, acha nikuchambulie kama mchele.

La kwanza vile vipande. Ile PTFE ikishakuwa ngumu haifanyi urafiki na kitu chochote, ndo maana chakula hakishiki, na tumboni pia ni hivohivo, haiyeyuki, haimeng'enywi, inaingia inatoka kama ilivyo. Mbegu ya nyanya ina mambo mengi kuliko hicho kipande. Kwahiyo kwa kilicholiwa juzi hakuna hospitali ya kwenda.

La pili ni moto, na hili ndo mi ningependa grupu lenu liliogope badala ya vile vipande. PTFE inavumilia mpaka karibu nyuzi 260. Ikipita hapo inaanza kuharibika, na ikifika 350 na kuendelea inatoa hewa mbaya kweli, mtu akiivuta anaweza kupata homa na kutetemeka na kifua kubana kama mafua makali, ikipita kwa siku moja mbili. Mayai hayafiki huko, hata karibu hayafiki. Kinachofika huko ni frampeni tupu uliyoiacha juu ya gesi ya moto mkubwa ukaenda kupokea mzigo getini. Dakika chache tu. Ndo maana nimemwambia yule kijana wa Sinza aweke mafuta kabla ya kuwasha, mafuta ni mlinzi. Haya ya alizeti yaliyosafishwa yanaanza kutoa moshi kwenye nyuzi 230 hivi, yaani yanapiga kelele kabla frampeni haijaumia. Ukiona moshi punguza moto, umeshaonywa. Frampeni tupu haina wa kukuonya.

La tatu ndo lenye ukweli ndani yake na ndo chanzo cha stori yote. Kuna kemikali nyingine inaitwa PFOA, hiyo ilikuwa inatumika kiwandani wakati wa kutengeneza hiyo PTFE. Hiyo ni mbaya bila ubishi, haiozi, inakaa kwenye maji na kwenye damu ya watu miaka, na mwaka 2023 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO liliiweka kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Viwanda vikubwa vya Marekani vilikubaliana kuiacha ifikapo 2015, na mwaka 2019 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani. Walioumia zaidi ni watu waliokuwa wanaishi karibu na viwanda wakinywa maji yaliyochafuliwa, frampeni iliyokamilika inabakiwa na chembe kidogo sana kama zipo. Ila hapa nakubaliana kidogo na mama wa grupu: frampeni isiyo na jina, haina boksi, haina chochote kilichoandikwa, huwezi kujua ilitengenezwaje. Kwa hiyo ukinunua, nunua yenye jina na iliyoandikwa haina PFOA, na usidanganywe kwamba hiyo maana yake haina Teflon. Ni vitu viwili. Wauzaji wengi wenyewe hawajui.

Hiyo ya kwako iage tu. Sio kwa sababu ya sumu, ni kwa sababu haifanyi tena kazi yake, palipochunika yai linashika, ukisugua unachuna zaidi, na unakaanga kwenye aluminiamu mbichi. Usimpe jirani pia maana najua tabia zetu za kugawa vibovu. Ya kwangu iliyochoka naweka chini ya chungu cha mrehani kushika maji.

*Shangazi mi nakaa ghorofani Upanga, nafuga vile vikasuku vidogo wanaviita lavubedi, vinne, tundu liko jikoni karibu na dirisha maana ndo penye hewa. Rafiki yangu kasema nikinunua nonstiki vitakufa. Ni kweli au ananitania?*

Hakutanii mwanangu, hapo rafiki yako kakupenda. Mapafu ya ndege ni tofauti na yetu, yanavuta hewa kwa nguvu kuliko yetu na ile hewa ya PTFE iliyoungua inawaua haraka sana, wakati mwingine mwenye nyumba hajasikia hata harufu. Ni jambo linalojulikana kwa madaktari wa wanyama miaka mingi. Sasa wewe ukipika kwa moto mdogo haitafika huko, lakini siku moja ya kusahau inatosha na hawana pa kukimbilia, wako ndani ya tundu. Hamisha tundu liende sebuleni au balkoni, milango ikiwa imefungwa ukiwa unapika, au achana na PTFE kabisa ununue ya chuma au ya seramiki. Mi ningefanya vyote viwili, lavubedi ni ghali.

*Dada kuna hizi zina madoa kama marumaru wanaita graniti, muuzaji kasema ni jiwe halisi kutoka milimani haliishi. Na hizi nyeupe za seramiki je? Mbezi Beach.*

Jiwe gani hilo linaloning'inia kwenye mkono wa plastiki. Nyingi ya hizo za graniti ni aluminiamu ileile na PTFE ileile, wamerushia vidoa vyeupe na kijivu ipendeze. Haimaanishi mbaya, ninayo mwenyewe, ila usilipe bei ya mlima. Ifanyie mtihani wa kitako kama zingine.

Seramiki ndo kitu tofauti kweli. Ile haina PTFE, tabaka lake la juu linatokana na silika, ndugu yake mchanga na kioo, na inavumilia moto kuliko Teflon bila kutoa ile hewa. Wenye wasiwasi wa kemikali wanaipenda na siwalaumu. Kasoro yake inachoka mapema, miezi ya kwanza yai linateleza mpaka unaita majirani waje waone, halafu taratibu linaanza kushika na haling'oki tena hata useme nini. Kwangu mimi seramiki haijawahi kumaliza mwaka, ila nakiri kwangu kuna watu wengi na kila mtu ana moto wake.

*Shemeji mi ni baba mwenye nyumba Tabata, mke wangu kanituma. Tumenunua nonstiki mbili kwa miaka miwili zote dada wa kazi kazimaliza kwa stiliwaya. Mke wangu anataka ya tatu aifungie kabatini na ufunguo. Mi naona ni ugomvi. We unasemaje?*

Shemeji ufunguo usiweke. Kwanza mtaupoteza, pili huyo binti mnamwachia watoto na nyumba nzima halafu mnamfungia frampeni, haikai vizuri.

Halafu mkae mjiulize, nani alimfundisha? Huko alikokulia sufuria ikioshwa vizuri inasuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ujione uso, sufuria yenye weusi ni aibu ya mwanamke. Anakuja kwenu anakuta sufuria nyeusi ndani, anajitahidi aitoe weusi. Kafanya kazi yake vizuri kupita kiasi! Mi wa kwangu wa kwanza alinifanyia hivohivo, akaniletea frampeni inang'aa kama mbalamwezi, anatabasamu, anasubiri nimsifu. Nilishindwa hata kugomba.

Nilichofanya kwa aliyefuata, siku ya kwanza nilimkaangisha yai mwenyewe kwenye nonstiki na lingine kwenye sufuria ya kawaida, bila maneno mengi. Akaona moja linateleza moja limeganda. Nikamwambia kinachotelezesha ni huu weusi, ukiutoa tunarudi kule. Nikampa sponji laini moja ya rangi ya njano nikasema hii ni ya frampeni peke yake na stiliwaya inakaa nje kwenye karo. Haijasuguliwa tena. Na mumwambie mambo mawili mengine ambayo mi naona yanaua frampeni kuliko hata hiyo stiliwaya: asiitie maji ya baridi ikiwa ya moto, ile chwaaa mnayoisikia ndo kitako kinapinda, aiache ipoe kwanza. Na asiipange chini ya masufuria mengine, kitako cha sufuria ya juu kinakwaruza. Ikibidi kupanga atandike kitambaa au hata gazeti katikati. Au mpige msumari ukutani itundikwe, ya kwangu inaning'inia karibu na swichi.

Na shemeji, kwa heshima zote, waulizeni na watoto nani anageuza soseji kwa kisu usiku. Sio kila kovu ni la dada.

*Shikamoo mama, nipo Chanika natumia mkaa, gesi bado. Nataka nonstiki ya chapati na mayai, inafaa?*

Marahaba. Mayai inafaa kwa shida, chapati hapana. Mkaa hauna kitufe cha kupunguza, ukikolea umekolea, na katikati ya jiko panaweza kuzidi hizo nyuzi 260 bila wewe kujua. Na chapati inataka moto mkali wa kupata yale madoa ya kahawia, kati ya chapati moja na nyingine unaiacha frampeni tupu inasubiri unasukuma, ndo kilekile nilichomkataza mama wa Mbagala. Chapati ni chuma. Kile chuma cheusi kizito cha chapati, kipya kinagandisha ndio, lakini kipake mafuta kidogo sana kikiwa cha moto, kiache kitoe moshi nje ya nyumba, kipoe, rudia mara tatu nne, kila ukipika kinazidi kulainika. Hicho ndo cha kurithisha, mimi ninacho cha mama yangu na kinapika mpaka leo.

Kwa mayai, kama huna namna, subiri mkaa ushike majivu meupe juu, toa vipande viwili vitatu kwa koleo, ndo uweke frampeni yenye mafuta tayari, na usiondoke hapo hata ukiitwa. Siku ukihamia kwenye gesi ndo uniandikie tena, nitakuambia sentimita ngapi.